Usemi wa taarifa katika Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Jana jirani alikuambia, "Ninaumwa." Leo unamsimulia mwenzako: "Jirani alisema anaumwa." Kitenzi "anaumwa" kimebaki katika wakati uliopo ingawa mazungumzo yalikuwa ya jana, na sikio la Kiswahili halioni tatizo lolote. Ukiihamisha sentensi hiyo ilivyo utaandika:

He said he is sick.

Kiingereza sanifu cha maandishi kinatarajia hivi:

He said he was sick.

Makosa mengi tunayofanya katika usemi wa taarifa, yaani ule ambao vitabu na mitihani huuita reported speech au indirect speech, yanatoka hapo. Kiswahili huhesabu wakati kuanzia pale aliposimama msemaji: alipokuwa akisema, alikuwa anaumwa, basi "anaumwa" inatosha. Kiingereza huhesabu kuanzia pale anaposimama anayetoa taarifa: kwangu mimi leo, kuumwa kule ni jambo la jana. Ukikumbuka tofauti hiyo, kanuni nyingi ambazo wanafunzi hukariri kama mashairi zitaanza kueleweka zenyewe.

Somo hili lina kazi nje ya darasa. Anayeandika muhtasari wa kikao anatoa taarifa ya maneno ya wajumbe. Shahidi anayeandikisha maelezo polisi hufanya hivyo, na mwandishi wa habari pia, na hata mfanyakazi anayemwandikia bosi barua pepe kueleza mteja alisema nini. Kwa aliye shuleni, maswali ya kuandika sentensi upya kwa kufuata maelekezo huonekana katika mitihani ya kidato cha nne ya NECTA (Tanzania) na KCSE (Kenya), na kugeuza usemi halisi kuwa wa taarifa ni mojawapo ya maelekezo hayo.

Hatua ya kwanza: chagua kati ya say, tell na ask

Kiswahili kinakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Kitenzi "kusema" kinasimama peke yake: alisema. Kitenzi "kuambia" lazima kimbebe mtu ndani yake: aliniambia, alimwambia, alituambia. Kiingereza ni hivyohivyo. Say ni kusema, tell ni kuambia, na baada ya tell mtu anayeambiwa hutajwa mara moja.

He said that he was ready.
He told me that he was ready.

Usiandike "He said me," wala "He told that," wala "He told to me." Ukitaka kujipima, rudi kwenye Kiswahili. Kama ungesema "alisema," andika said; kama ungesema "aliniambia," andika told me. "He said to me that" si kosa, ila inalemea, na told me huwa inatosha. Zipo semi chache ambamo tell haihitaji mtu, kama tell the truth, tell a lie na tell a story. Hizo zizoee zilivyo.

Ask nayo haitaki "to" mbele ya mtu: She asked me, si "She asked to me." Neno that linaweza kuachwa baada ya said na told katika mazungumzo ya kawaida, lakini katika mtihani na barua rasmi ni salama kuliweka. Usitie mkato kabla yake.

Hatua ya pili: panga upya nafsi

Kabla ya kugusa kitenzi jiulize maswali matatu: nani alisema, alimwambia nani, na sasa nani anasimulia? Tuseme Mwajuma alimwambia Rashid:

"I will lend you my bicycle."

Mwajuma mwenyewe akisimulia: I told Rashid that I would lend him my bicycle.
Rashid akisimulia: Mwajuma told me that she would lend me her bicycle.
Jirani aliyesikia akisimulia: Mwajuma told Rashid that she would lend him her bicycle.

Kwa hiyo kukariri kwamba "I" hugeuka "he" hakukupeleki mbali, kwa kuwa jibu linategemea anayesimulia. Tena Kiswahili chetu kina kiambishi kimoja, a-, kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana ni rahisi kuanza sentensi na Mwajuma kisha ukamalizia na "he." Pitia sentensi yako mara moja kwa ajili ya hilo tu.

Kuna mtego mwingine. "Juma told Hassan that he had passed." Aliyefaulu ni nani? Sentensi haisemi. Katika mazungumzo muktadha huokoa, lakini kwenye maandishi rejea jina: Juma told Hassan that Hassan had passed. Haivutii sikio, lakini ipo wazi, na katika maelezo ya polisi au muhtasari wa kikao uwazi ndio unaotakiwa.

Hatua ya tatu: rudisha wakati nyuma

Hii ndiyo hatua nzito. Anza na sentensi ya Kiswahili ya taarifa, ile inayokujia bila kufikiri, kisha tazama kiambishi cha wakati kilicho ndani ya kitenzi cha pili.

Ukikuta -na-, Kiingereza kitataka wakati uliopita. "Alisema anapika" ni She said she was cooking. "Alisema anaishi Tanga" ni She said she lived in Tanga. Tendo linaloendelea hupata was au were pamoja na -ing. Hali au mazoea hupata umbo la kawaida la wakati uliopita. Hu- ya mazoea iko kundi hilohilo: "Alisema huamka mapema" ni He said he woke up early.

Ukikuta -me-, weka had pamoja na umbo la tatu la kitenzi. "Alisema amemaliza" ni He said he had finished. Ila kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima haviwezi kukuambia. Kwetu, -me- hueleza pia hali aliyo nayo mtu wakati huo: amechoka, amelala, amekaa, amevaa. Hizo Kiingereza hakizitazami kama tendo lililokamilika. "Alisema amechoka" ni He said he was tired. "Walisema mtoto amelala" ni They said the child was asleep. "Alisema mwizi amevaa koti jeusi" ni She said the thief was wearing a black coat. Ukiandika "had worn," msomaji ataelewa kwamba koti lilikuwa limeshavuliwa, na katika ushahidi tofauti hiyo ni kubwa.

Ukikuta -ta-, weka would. "Alisema atakuja" ni He said he would come. Mwanafunzi wa Kenya ana bahati hapa, maana katika somo la Kiswahili hufundishwa kugeuza -ta- kuwa -nge- anapoandika usemi wa taarifa: alisema kwamba angekuja. Hiyo -nge- ndiyo would.

Ukikuta -li-, kwa kawaida ni had tena. "Alisema alipoteza kitambulisho" ni She said she had lost her identity card. Hata hivyo Kiingereza cha kila siku mara nyingi huacha wakati uliopita ulivyo pale ambapo hakuna hatari ya kuchanganya matukio, hasa mwaka unapotajwa. She said she was born in 1998 ni sentensi nzuri kabisa. Vivyo hivyo, He said that when he lived in Mombasa he worked at the port haihitaji had mbili. Katika mtihani fuata kanuni ya had, isipokuwa kwa mambo kama kuzaliwa. Nje ya mtihani itumie pale tu inapoonyesha kwamba jambo moja lilitangulia jingine.

Vitenzi visaidizi navyo vina mwendo wao. Can hugeuka could, may hugeuka might. Must ya wajibu hugeuka had to: "I must leave" inakuwa He said he had to leave. Lakini must ya kukisia haiguswi: "You must be tired" inakuwa She said I must be tired, kwa sababu hapo hakuna anayelazimishwa kuchoka. Would, could, might, should na ought to hubaki kama zilivyo.

Sentensi za masharti zinatisha bila sababu. Ile ya kweli inarudi nyuma pande zote mbili: "If it rains, we will postpone the meeting" inakuwa They said that if it rained, they would postpone the meeting. Zile ambazo kwa Kiswahili tungezisema kwa -nge- au -ngali- hazibadiliki wakati: He said that if he had money, he would buy the plot.

Wakati usiporudi nyuma

Kama kitenzi cha kutambulisha usemi, yaani say, tell na wenzake, kiko katika wakati uliopo, usiguse kitu. The notice says that the office opens at eight. The chairman has said that the road will be repaired. Ndiyo maana vichwa vya habari na matangazo huonekana kama vimekiuka kanuni, kumbe havijakiuka.

Jambo ambalo ni kweli siku zote linaweza pia kubaki katika wakati uliopo: The teacher said that Kilimanjaro is the highest mountain in Africa. Vilevile jambo ambalo bado ni kweli unaposimulia: She said her name is Halima. Ukiandika was hukosei, ila is inakubalika.

Uchaguzi huo unabeba maana, na hapa ndipo somo linapozidi kuwa la ufundi. He said he is a doctor inaelekea kuonyesha kwamba unakubali ni daktari. He said he was a doctor inamwachia yeye maneno yake. Wewe hujathibitisha chochote. Anayeandika ripoti ya malalamiko au maelezo ya shahidi achague wakati uliopita, ili asijikute amedhamini asichokijua.

Hatua ya nne: maneno ya wakati na mahali

Today huwa that day, tonight huwa that night, yesterday huwa the day before au the previous day, na tomorrow huwa the next day au the following day. Last week inakuwa the week before, next month inakuwa the following month, two days ago inakuwa two days before. Now ni then, here ni there, this ni that, these ni those.

Orodha hiyo isifuatwe kwa upofu. Kama Neema alisema asubuhi hii "I will call you tomorrow," na wewe unasimulia jioni hiihii, kesho bado ni kesho: Neema said she would call me tomorrow. Kama bado umesimama palepale aliposemea, here inabaki here. Mtihani hauelezi ulipo wala ni lini unasimulia, kwa hiyo hudhaniwa kwamba siku zimepita na upo mahali pengine, geuza yote. Kwenye maisha, tazama saa na mahali ulipo kwanza.

Hatua ya tano: maswali

Swali likishaingia ndani ya taarifa linaacha kuwa swali. Mpangilio wa maneno unarudi kuwa wa sentensi ya kawaida, do, does na did za kuulizia zinatoweka, na alama ya kuuliza inaondoka.

"Where do you live?" inakuwa He asked me where I lived.

Tunakosea hapa kwa njia tatu, na kila moja ina chanzo chake. "He asked me where did I live" imebaki na mpangilio wa swali. "He asked me that where I lived" imechomeka "kwamba" pasipostahili. Neno la kuuliza na that havikai pamoja. Na "He asked me I live where" ni Kiswahili kitupu, "aliniuliza ninaishi wapi," kwa kuwa kwetu "wapi" hukaa mwishoni. Kiingereza kinalitaka neno la kuuliza litangulie, kisha mtenda, kisha kitenzi.

She asked me what my name was.
The customer asked how much the sugar was.
The policeman asked who had broken the window.

Katika huo wa tatu who ndiye mtenda mwenyewe, kwa hiyo hakuna cha kupanga upya.

Swali la ndiyo au hapana hupata if au whether, sawasawa na "kama" yetu: The policeman asked him if he had seen the thief. Zote mbili ni sahihi mara nyingi. Chagua whether panapokuwa na or not, panapokuwa na mambo mawili ya kuchagua, au kabla ya to: She asked whether we wanted tea or coffee, He did not know whether to stay.

Mpangilio huuhuu unatumika hata usiposimulia ya jana. Ukimuuliza mgeni njia kwa adabu utasema Do you know where the station is? si "where is the station." Ukilizoea hili katika usemi wa taarifa, utalisikia kila mahali.

Hatua ya sita: amri, maombi na makatazo

"Aliniambia nisubiri." Ile e ya mwisho ya Kiswahili, kwa Kiingereza, ni to: He told me to wait. Wanaoandika "He told me I wait" wameifuata "nisubiri" hatua kwa hatua. He told me that I should wait inakubalika, ila inasikika kama ushauri zaidi kuliko agizo. Katazo linaweka not kabla ya to: "Alituambia tusiingie" ni He told us not to enter.

Toni ya msemaji inaingia kwenye kitenzi unachochagua. Ofisa wa jeshi ordered, mama aliyefika hospitali na mtoto mgonjwa begged, daktari advised, fundi umeme warned. Neno please lenyewe linaondoka na heshima yake inabebwa na asked: "Please close the door" inakuwa She asked me to close the door. Angalia pia kwamba "Can you help me?" mara nyingi ni ombi lililovaa sura ya swali. He asked me to help him inafikisha maana kuliko He asked me if I could help him.

Let's ya kupendekeza huchukua suggested, nayo ina masharti: He suggested leaving early, au He suggested that they should leave early. "He suggested me to leave" haipo.

Hatua ya saba: vitenzi vinavyofupisha

Taarifa iliyojaa said, said, said inachosha. Kiingereza kina vitenzi vinavyobeba maneno pamoja na nia yake, na kila kimoja kina umbo linalokifuata. Vijifunze pamoja na umbo hilo, si kitenzi peke yake.

Promise, refuse, offer na agree hufuatwa na to: She refused to sign the form. Deny na admit huchukua -ing: He denied taking the money. Remind, warn na advise huhitaji mtu kisha to. Vingine vinadai kihusishi chake: apologise for, accuse someone of, congratulate someone on, thank someone for. Explain huhitaji to kabla ya mtu: He explained the rules to us, kamwe si "explained us." Na request, ambayo Afrika Mashariki tumezoea kuiwekea for, kama kitenzi haiihitaji: They requested a meeting.

Kwa "eti" yetu, ile inayoashiria kwamba msimuliaji haamini au hataki kuhusishwa na anachosimulia, Kiingereza kina claimed. He claimed that he had paid. Katika habari za mahakamani utakutana na alleged, kwa tuhuma ambazo hazijathibitishwa.

Kurudi kwenye usemi halisi

Ukitakiwa kugeuza kinyume, rudisha kila kitu mbele: was inakuwa is, would inakuwa will, the next day inakuwa tomorrow. Alama ndizo zinazoangusha wengi. Mkato hutangulia alama za kufungua usemi, maneno ya msemaji huanza kwa herufi kubwa, na nukta, mkato au alama ya kuuliza ya msemaji hukaa ndani ya alama za kufunga.

The guard said, "The office is closed."
"The office is closed," the guard said.
"Is the office closed?" she asked.

She ya mwisho imeanza kwa herufi ndogo ingawa imefuata alama ya kuuliza, kwa kuwa sentensi ni moja. Msemaji akibadilika, anza aya mpya.

Zoezi zima

Haya ni mazungumzo ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Yafunike majibu, andika taarifa yako, kisha linganisha.

"Have you paid this month's rent?" the landlord asked Neema.
"I paid it yesterday," she replied. "I'll show you the receipt."
"Bring it here tomorrow, and don't forget the water bill," he said.
"Thank you for reminding me. Can I pay for the water next week?"
"No. The meter reader is coming on Monday."

Taarifa:

The landlord asked Neema whether she had paid that month's rent. She replied that she had paid it the day before and that she would show him the receipt. He told her to bring it there the next day and not to forget the water bill. Neema thanked him for reminding her and asked if she could pay for the water the following week. He refused, explaining that the meter reader was coming on Monday.

Tazama jinsi and that inavyounganisha sentensi mbili za Neema bila kurudia replied. Amri mbili za mwenye nyumba zimeunganishwa kwa to na not to chini ya told moja. No imemezwa na refused. Thank you haikunukuliwa, imegeuka kitenzi. Na Monday imebaki Monday, kwa sababu jina la siku halibadiliki lenyewe; kama Jumatatu hiyo imeshapita unaposimulia na msomaji anaweza kuichanganya na nyingine, andika the following Monday.